Kusoma chuo ukiwa Kigoma: uende kampasini, ubaki Huria, uchukue mseto au chuo cha nje mtandaoni?

Kila mwaka matokeo ya fomu siksi yakitoka simu yangu inaanza kuita. Anapiga mzazi wa Mwandiga, anapiga mwalimu wa Buhigwe, binti wa jirani hapa Katubuka anakuja na karatasi yake mkononi kabisa, na wote wanauliza kitu kimoja: niende Dar au Dodoma nikakae kampasini, au nibaki hapahapa nisome kwa mtandao? Na akishatamka mtandao ndo kazi inaongezeka, maana siku hizi watu wanaita "kusoma kwa mtandao" vitu ambavyo havifanani hata kidogo. Chuo Kikuu Huria, kile cha kusoma kwa masafa, ni kitu kimoja. Chuo cha kawaida kinachofundisha jioni kwa Zoom ni kitu kingine. Chuo cha Marekani ambacho hutakaa ukione kwa macho ni kitu kingine kabisa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nilisoma shahada ya pili kwa masafa huku nafundisha vipindi vyangu kama kawaida, kwahiyo haya nayasema kwa sababu nimeyapitia na nimeona wenzangu wakiyapitia, wengine wamevaa joho na wengine wameishia mwaka wa kwanza na pesa imeshaondoka. Hao wa pili ndo wananiuma na ndo wamenifanya niandike.

Navyopima kabla ya kuchagua

Nina vitu vitano na naviuliza kwa kila njia bila kupendelea.

Kwanza pesa, lakini pesa YOTE. Watu wanalinganisha ada na ada wakati ada ni kipande tu, kuna nauli, chumba, chakula, bando, laptopu, kuchapa kazi steshenari, na kwa mtu aliye kazini au mwenye biashara kuna ile pesa atakayoacha kuingiza akiondoka.

Pili umeme na mtandao, na hapa naongelea pale unapolala, sio pale Mwanga sokoni. Mtu wa Gungu na mtu wa kijiji cha ziwani kule Kalya wote wanasema wako Kigoma ila mmoja anafungua video na mwingine anapanda mlima kutafuta sehemu simu inakamata.

Tatu muda wako, yaani siku yako ya kweli ikoje kuanzia alfajiri mpaka unalala.

Nne nani atakusukuma. Hiki watu wanakipuuza na kwangu mimi ndo kinachoamua nani anamaliza.

Tano cheti chako kitapokelewaje, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na mwajiri.

Kitu kimoja cha kukumbuka kabla sijaingia ndani. Machi 2020 korona ilipoingia vyuo vyote vikafungwa, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Sera ya TEHAMA ya taifa tulikuwa nayo toka 2003 na ikaandikwa upya 2016, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya kuu za intaneti, ulikuwa umeshatandazwa, vyuo vikubwa vilikuwa na mifumo ya Moodle ya kufundishia mtandaoni, lakini wanafunzi wengi walirudi nyumbani wakakaa tu mpaka vilipofunguliwa. Mfumo ulikuwepo ila mwanafunzi hakuwa na laptopu, hakuwa na bando, na mhadhiri hakuwahi kuandaa somo la kufundishwa kwa mtandao. Kwahiyo chuo kikikwambia kina e-learning usishangilie kwanza, kiulize inafanya kazi vipi siku ambayo umeme umekatika Kasulu.

Njia ya kwanza: kwenda kukaa kampasini

Pesa. Hapa ndo panapouma kwa mzazi wa Kigoma maana kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni, na mtoto atakwenda na kurudi sio mara moja. Hosteli za chuo mara nyingi hazitoshi kwahiyo akifika mwaka wa pili au wa tatu anapanga mtaani, na chumba cha mtaani kinataka kodi ya miezi kadhaa mbele. Lakini kuna upande wa pili ambao watu wa kijijini hawaambiwi vizuri: mkopo wa Bodi ya Mikopo umetengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi wa namna hii hasa, unagusa ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo, na ile pesa ya chakula na malazi ambayo vijana wanaiita bumu. Kwahiyo mtoto wa mvuvi asiye na kitu anaweza kumaliza kampasini wakati asingeweza kumaliza njia nyingine ambayo kila shilingi inatoka mfukoni. Ila maombi yake yana karatasi nyingi, cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na wengi wa huku wanachelewa hapo. Usisubiri matokeo yatoke ndo uanze kutafuta cheti cha kuzaliwa.

Umeme na mtandao. Ukiwa kampasini hili linapungua sana. Kuna maktaba, kuna kompyuta, kuna waifai hata kama jioni inakuwa nzito kwa sababu watu wote wameingia. Hata ukiwa huna laptopu unaazima kwa mwenzako saa mbili unaandika kazi yako.

Muda. Unatoa wote. Ukiwa mtumishi wa umma hutoki bila ruhusa ya mwajiri, na halmashauri haiwezi kuwaachia walimu wote wa shule moja kwa wakati mmoja, kwahiyo unaweza kuwa na barua ya udahili mkononi na bado usiende.

Nani atakusukuma. Kampasini hii ndo nguvu yake kubwa. Kuna testi wiki ijayo na unaona kila mtu chumbani anasoma, hata kama ulitaka kulala unaona aibu. Kuna kikundi cha majadiliano, kuna yule mwenzako anaelewa hesabu anakuchorea ukutani, na kuna hofu ya sapu, yaani kurudia mtihani, na hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ambayo unaisikia kila siku kwa masikio yako. Kijana wa miaka 19 hajajifunza bado kujisimamia mwenyewe, na sio kosa lake, ndo umri wenyewe.

Cheti. Hakina maswali alimradi chuo na kozi vina ithibati, yaani kibali rasmi, ya TCU, au ya NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, kwa chuo kisicho chuo kikuu. Na kuna kozi hazina njia nyingine, udaktari ni lazima ukae wodini, uhandisi na sayansi za maabara ni lazima ushike kifaa.

Alafu kampasini sio lazima iwe Dar. Chuo cha Uhasibu Tanzania, TIA, kina kampasi hapahapa Kigoma. Jirani zetu Tabora wana AMUCTA, chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, nao kampasi yao ya Kigoma imo kwenye HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021. Kwahiyo kabla hujauza ng'ombe wa nauli angalia kwanza kilichopo karibu.

Njia ya pili: Chuo Kikuu Huria

Huria kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992 na kikaanza kazi 1994, makao makuu Kinondoni, na kina kituo kila mkoa, Kigoma tukiwemo na Tabora pia. Enzi hizo masomo yalikuwa vitabu vinatumwa, sasa hivi yako kwenye Moodle.

Pesa. Unalipia kwa yuniti unazosajili, yaani kwa kiasi cha masomo uliyochukua, kwahiyo mwaka ambao mambo yamebana unasajili chache, na hili kwa mwalimu mwenye watoto shuleni ni msaada mkubwa. Hulipi chumba, huachi mshahara. Lakini usidanganyike kwamba hakuna gharama nyingine. Mtu wa Kakonko akija mjini kwenye mtihani ni nauli, ni gesti siku kadhaa, ni chakula cha mgahawani, na mitihani inakuja na kuja. Kuhusu mkopo, soma mwongozo wa Bodi wa mwaka huohuo unaoomba uone kama kozi yako na namna unayosoma inaingia, usichukue maneno ya kijiweni.

Umeme na mtandao. Nawaambia jambo ambalo lingeniokoa mimi mwanzoni. Masomo ya maandishi hayahitaji mtandao kila siku, yanahitaji siku moja ya mtandao mzuri. Unakuja mjini Jumamosi na fleshi yako na simu yako, unadanlodi PDF zote za semista, mitihani iliyopita, mwongozo wa kozi, unarudi nazo kijijini unasoma hata kama mnara umezima wiki nzima. Simu yenye chaji na betri ya akiba inatosha kusomea PDF. Shida inakuja kwenye vitu vyenye tarehe, kama kusajili kozi, kutuma asaimenti, testi ya mtandaoni na mkutano wa Zoom ukiwepo, hapo lazima uwe sehemu yenye mtandao na uwe umefika mapema.

Mimi siku moja nilikuwa na kazi ya kutuma kabla ya saa sita usiku. Nimemaliza kuandika saa tano kasoro, nimeridhika nayo kabisa, nikasema ngoja niipitie mara moja ya mwisho. Saa tano na nusu umeme ukaondoka, laptopu yangu betri yake ilishakufa siku nyingi naitumia kwenye waya tu, na faili liko ndani ya laptopu haliko kwenye simu. Nilikaa gizani nikiangalia saa kwenye simu inasogea. Umeme ulirudi saa nane usiku na mfumo ulishafunga. Ile kozi niliirudia mwaka uliofuata, pesa na mwaka, kwa sababu ya betri. Toka siku hiyo kila kazi yangu naituma siku mbili kabla na nakala iko kwenye barua pepe na kwenye simu, na nawaomba na ninyi mfanye hivyo.

Muda. Hapa Huria haina mpinzani. Unasoma alfajiri kabla ya kwenda kazini, unasoma usiku watoto wamelala, ukijifungua unapumzika, ukihamishwa kituo cha kazi kutoka Kibondo kwenda Uvinza unahama na masomo yako. Miaka mitatu ya shahada unaweza kuivuta ikawa zaidi.

Nani atakusukuma. Hakuna mtu. Nasema bila kuzunguka maana ndo inayowaangusha wengi. Ule uhuru wa kuvuta muda unageuka kuwa mtego, mtu anasema mwaka huu nimebanwa nitafanya mwakani, mwakani anajenga, mwaka mwingine ameuguza, ukija kushtuka ni miaka sita na bado ana kozi kumi na mbili. Niliowaona wamemaliza wote walikuwa na kitu kimoja, kikundi. Watu wanne watano wa kozi moja, wanakutana kwa mmoja wao Jumapili baada ya kanisa au Ijumaa baada ya swala, na wana WhatsApp yao ambayo haiingizwi vichekesho. Mtu asiyesoma wiki hiyo anaulizwa. Ukijiunga Huria siku ya kwanza kabla ya kuuliza kitabu uliza nani mwingine mkoa huu anasoma kozi yako.

Cheti. Ni chuo cha umma chenye ithibati ya TCU, hilo limeisha. Kuna watu bado wanasema cha Huria ni cha wazee, waache waseme, mwajiri anaangalia ithibati. Na kina mlango mmoja ambao ni muhimu sana kwa vijana waliokosa alama za kuingia chuo fomu siksi: ile programu ya Fondesheni ya kujiandaa na shahada, ukiipita kwa GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 kwenda juu pamoja na masharti mengine ya TCU inakufungulia udahili wa shahada, na sio Huria peke yake. Wanafunzi wa sayansi wajue kwamba praktikali hawafanyii kwenye simu, wanapangiwa kwenda kwenye maabara kwa kipindi, kwahiyo weka nauli na ruhusa ya kazi pembeni.

Njia ya tatu: chuo cha kawaida kwa mseto

Hii ndo inayokuja kwa kasi na ndo yenye maswali mengi. Baadhi ya vyuo vyetu vya kawaida vinafundisha kozi fulani nusu mtandaoni nusu ana kwa ana, zaidi kwenye stashahada ya uzamili na shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM, kwa mfano wamekuwa nazo za aina hiyo. Unakuwa na wiki chache za kwenda chuoni na zinazobaki unaingia darasani kwa Zoom au mfumo wa chuo.

Pesa. Ada mara nyingi iko karibu na ya mtu wa kampasini, ila unabaki na kazi yako. Sasa njoo kwenye bando tupige hesabu, maana hapa watu wanaanguka bila kujua. Zoom ya kikundi ikiwa na video inakula kama MB 800 kwa saa na inaweza kupita hapo. Chukua kozi tano, kila moja saa mbili kwa wiki, ni saa kumi, ni kama GB 8 kila wiki. Semista ya wiki 15 ni GB 120 za kukaa darasani tu, hujafungua kitabu hata kimoja. Nenda kaangalie bei ya kifurushi cha mtandao wako ujumlishe hiyo kwenye ada, ndo utapata ada ya kweli. Ukizima video yako na kusikiliza sauti inapungua sana, na mhadhiri akiweka rekodi unaweza kuidanlodi usiku kwa kifurushi cha bei nafuu, ila inategemea kama anaweka.

Umeme na mtandao. Ndo njia inayotaka vyote viwili kwa pamoja tena kwa saa ileile waliyopanga wao. Sisi Kigoma tumekaa miaka mingi kwenye umeme wa majenereta ya dizeli wakati mikoa mingine iko gridi, mwaka 2022 ndo mkoa ukaanza kuunganishwa, mambo yamebadilika sana na ni lazima tushukuru, ila kukatika bado kupo, na darasa la saa kumi na mbili jioni halisubiri. Vijijini minara inaongezeka, ule Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kazi yake ni hiyo, kupeleka mawasiliano kule ambako kampuni za simu haziendi zenyewe kwa sababu hazioni faida, lakini mnara wa kupigia simu na mnara wa kubeba darasa la video ni vitu viwili.

Sasa nizungumzie na upande wa chuo maana sio kila kitu ni kosa la mwanafunzi au la umeme. Kuna mhadhiri anachukua zile slaidi zake za darasani anazipandisha kwenye mfumo, amemaliza, hiyo ndo e-learning. Hakuna maelezo, hakuna swali, hakuna wa kukujibu. Sio ubaya wa moyo, hajafundishwa kufundisha hivyo na chuo hakimpunguzii mzigo mwingine ili apate muda wa kuandaa. Sera za taifa zinasema TEHAMA itumike kufundishia, na TCU ina miongozo yake ya masomo ya mtandaoni na mseto, lakini kuna umbali kati ya karatasi na darasa. Ndo maana kabla hujalipa nakushauri uwapigie chuo uwaulize. Je umeme ukikatika wakati wa testi utaratibu ni upi? Mihadhara inarekodiwa? Kuna namba ya msaada wa mfumo na inapokelewa hadi saa ngapi? Mfumo unafunguka kwenye simu au unataka laptopu? Nitakuja chuoni mara ngapi na tarehe zinatolewa lini, maana mimi natakiwa niombe ruhusa kazini? Chuo kilichojipanga kinakujibu palepale. Kikianza kukwambia "utaelekezwa ukishajiunga", mimi ningesubiri.

Muda. Jioni na wikiendi. Kwa mtu wa ofisini ni sawa. Kwa muuguzi wa zamu ni tabu kwa sababu zamu haifuati ratiba ya chuo. Kwa mwenye duka la rejareja saa moja jioni ndo wateja wamejaa.

Nani atakusukuma. Iko katikati. Unaona sura za wenzako, mhadhiri anaita jina lako, na zile wiki za kukutana zinajenga urafiki ambao unakubeba baadae. Ni bora kuliko kuwa peke yako ila haifikii kampasini.

Cheti. Kinatoka chuo kilekile. Hakikisha tu kwamba kozi yenyewe imeruhusiwa kufundishwa kwa namna hiyo, sio chuo peke yake kuwa na ithibati.

Njia ya nne: chuo cha nje moja kwa moja mtandaoni

Nitakwenda haraka kidogo hapa maana wanaoweza kufaidika ni wachache, ila kwa hao wachache ni njia halali na nzuri.

Pesa. Vinatofautiana sana. University of the People ya Marekani iliyoanzishwa 2009 haitozi ada ya kufundishwa, unalipia kila kozi kwa ajili ya tathmini yake, na kuna misaada kwa wasioweza. UNISA ya Afrika Kusini ni chuo cha toka 1873 na kimefundisha kwa masafa toka 1946, ada yake ni ya kawaida ya chuo. Vyote unalipa kwa fedha ya kigeni, kwahiyo fedha hiyo ikipanda na gharama yako inapanda, na unahitaji kadi inayokubali malipo ya nje.

Umeme na mtandao. Watu wanadhani hii ndo inakula bando kuliko zote, kumbe University of the People haina darasa la video la moja kwa moja, ni kusoma na kuandika tu, na kwa mtu wa mtandao dhaifu inaweza kuwa nyepesi kuliko Zoom ya chuo cha Dar. Shida yake ni kwamba kila wiki kuna kazi, muhula ni wiki tisa tu, na wiki inafungwa kwa saa zao sio zetu. Wiki moja ya mnara kuzima inakuumiza.

Muda. Unasoma saa unayotaka ndani ya wiki, lakini wiki zenyewe hazisogei.

Nani atakusukuma. Wenzako wako nchi mbalimbali, hakuna anayekujua. Na kila kitu ni Kiingereza cha kuandika, sio cha kusikiliza na kuitikia. Kama Kiingereza chako cha kuandika bado, utateseka zaidi ya somo lenyewe.

Cheti. Hapa ndo napoomba watu wasimame wasome mara mbili. Shahada ya nje inatakiwa kutambuliwa na TCU ukitaka kuitumia serikalini au kuendelea na masomo hapa nchini. Wanaangalia chuo kama kina ithibati kwao, na wanaangalia wewe uliingia na sifa gani. Ukiingia kwa sifa ambazo hapa zisingekuruhusu kusoma shahada unaweza kuja kukwama mwisho, baada ya miaka minne ya kukesha. Kwahiyo andika TCU uulize KABLA hujalipa hata dola moja, na jibu walitoe kwa maandishi. Kama lengo lako ni kazi za mtandaoni au biashara yako mwenyewe, suala hili linapungua uzito ila usilifute.

Sasa wewe uko wapi?

Kama umemaliza fomu siksi mwaka huu, alama zinatosha, huna kazi na nyumbani hali ni ngumu, omba kampasini na omba mkopo. Najua mama ataogopa kukuachia uende mbali na najua treni ni ndefu, lakini kwa umri wako wale watu watakaokuzunguka wana thamani kubwa, na pesa ya Bodi inakufuata. Kama unachotaka ni uhasibu au ugavi, anza kuulizia TIA hapahapa kabla ya kwenda mbali.

Kama alama zilikosekana kidogo, usirudie fomu siksi mara ya tatu, nenda kituo cha Huria kaulize Fondesheni.

Mwalimu mwenye diploma unayefundisha kijijini na unataka shahada, kwa walio wengi wenu Huria ndo inakaa vizuri na maisha yenu, na mpango wa kudanlodi kila kitu mjini unafanya kazi. Masharti mawili: kikundi, na tarehe uliyojiwekea ya kumaliza ambayo mume au mke anaijua. Na mjulishe mwajiri toka mwanzo kwa barua, maana wapo waliomaliza ndo wakaanza kuhangaika shahada iingizwe kwenye taarifa zao.

Unafanya kazi mjini, nyumba ina umeme wa uhakika au una sola, bando linalipika, na unatafuta shahada ya pili, basi mseto utakupa zaidi kuliko kusoma peke yako, ukishawauliza yale maswali.

Muuguzi au mtu wa zamu, mseto wa Zoom utakushinda hata kama unaupenda. Tafuta kitu kisichokuwa na saa maalum, au omba ruhusa uende ukakae chuoni kabisa.

Kijana unayejua kompyuta, Kiingereza kiko vizuri, huna mpango wa serikalini na unajisimamia mwenyewe bila kuambiwa, chuo cha nje kinaweza kukufaa. Ila jipime kwanza, chukua kozi moja ya bure ya wiki nane mtandaoni uone kama utaimaliza bila mtu kukuuliza. Ukiishia wiki ya tatu umeshapata jibu na hujapoteza pesa.

Na yule binti wa Kalya aliyeniuliza mwezi uliopita kwa ujumbe wa sauti, mtandao kwao ni mpaka apande juu ya kijiji na boti ya kuja mjini sio ya kila siku, ana mtoto mchanga na mumewe yuko ziwani. Kwake sikusema mtandao kabisa kwa mwaka huu. Nilimwambia mdogo wangu lea mtoto kwanza, mwambie shemeji akija mjini kuuza dagaa apite na fleshi, nitakuwekea vitabu vya mwaka wa kwanza uanze kuvizoea, na mtoto akitembea tuongee tena habari ya kujisajili. Fleshi ilishafika, ipo mezani kwangu hapa.